Mpira Uliorudi na Mshono wa Baba

Karakana ya Viatu,
Mlango ule ule wa kijani,
Jumatano, baada ya kufunga kazi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za wanao wote wawili. Hujambo? Kifua kile kilichokusumbua mwaka wa balaa kimetulia? Unakula vizuri, au bado ni yale mambo yako ya chai na ahadi? Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi likiona ngazi linataka kubembelezwa kwanza. Mengine yote tunamshukuru Mungu.

Na baridi ya huko inaendeleaje? Mara ya mwisho kwenye simu ulisema ni kali mpaka meno yanagongana. Nikakupa pole. Hiyo pole usiitumie kwanza, nitairudia huko chini.

Huku mambo yamefunguliwa. Tepu waliyozungushia bembea za watoto imekatwa, vipande vyake bado vinapepea kwenye nguzo. Barakoa zimebaki hospitali, nje watu wanatembea nyuso wazi na kila siku tunagundua jambo jipya. Muuza mkate, yule ambaye nusu ya wasichana wa mtaa walimpenda kwa macho yake, kumbe mdomoni amebakiwa na meno ya kuhesabu. Gundi, mwanao mdogo, alipomwona jirani yetu mkunga bila barakoa kwa mara ya kwanza alinirukia akilia, “Shangazi, amevua uso!” Mtoto hana kosa. Ulimwacha anatambaa, na tangu apate akili amezoea kuwa watu ni macho na paji la uso tu.

Jina la Gundi limemkaa kabisa. Akikushika hubanduki. Dada yake, Wakili wetu, naye hajabadilika. Akiambiwa akaoge anakata rufaa.

Kazi imerudi pia. Kipindi kile cha kufungiwa ndani hakuna aliyetembea akala soli, nikabaki natazamana na nyundo ya marehemu baba. Sasa wazazi wanamiminika na viatu vya shule vya watoto, vingine havijapata hata mkunjo mmoja, wanataka nivitanue. Nawaambia ngozi hutanuka kidogo tu, miguu ilikuwa ikikua nyumbani ninyi mkiwa mnaangalia takwimu za redioni. Wananuna, halafu wananunua vipya.

Basi Jumamosi, kwa kuwa mimi nabanwa na karakana, mkunga huwachukua wanao pamoja na wajukuu zake kwenye uwanja wa watoto, ule wenye uzio wa waya na bembea nne. Mwanzo nilifurahi. Watoto walikuwa wameshaanza kupanda makabati.

Lakini unanijua. Mimi hata yai la kuku wangu mwenyewe nalitikisa kwanza. Nikaanza kuona Wakili ananawa uso Jumamosi asubuhi bila kuambiwa. Wakili! Tena anakata mkate wake katikati, nusu anaifunga kwenye karatasi, na jioni karatasi inarudi tupu. Nikimuuliza nani kala, anasema, “Nimekula mimi.” Nikiuliza kwa nini hakuula mezani, anasema kila mtu ana haki ya kula anapotaka. Mtoto akianza kutaja haki, ujue kuna kitu nyuma ya mlango.

Mkunga ndiye aliyenizibua masikio. Alikuja kuchukua kandambili zake, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, “Yule bwana wa barakoa ya bluu anawapenda sana wanao.”

Bwana gani? Akanieleza. Mwanamume mmoja, kofia imeshushwa, barakoa imepanda mpaka chini ya macho, husimama upande wa bembea za mwisho. Jua linawaka, watu wote wameshazitupa barakoa zao, yeye kajifunika kama anaingia kuiba asali. Humsukuma Gundi kwenye bembea, na Wakili husimama kando akishika zamu. Mkunga alidhani ni ndugu wa upande wa mama yao. Marehemu hakuwa na kaka, nikamwambia. Akaweka mkono mdomoni.

Mdogo wangu, siku ile nilijidunga sindano kazini. Nilijua nimeletewa mwizi wa watoto. Uliniachia hawa wawili baada ya mama yao kutangulia, ukaniambia, “Dada, ndio roho yangu hii.” Nikawaza nitakuambia nini kwenye simu. Nikawafungia ndani. Mtaa mzima umefunguliwa, wao wakarudi kwenye korona ya pili, ya shangazi. Gundi alilia bembea yake. Wakili hakulia, alinitazama tu, na kutazama kule kulinikera kuliko kilio. Mtoto anayeogopa mtu mbaya hamwangalii shangazi yake vile.

Jumamosi iliyofuata nikafunga karakana, nikawapeleka mwenyewe. Mkobani nilitia msharasi, ule wa mpini mnene wa kutobolea ngozi. Usicheke. Nilikuwa nimeshaamua nitauchoma wapi.

Bwana alikuwepo. Aliponiona tu, akageuka akatoka kwa geti la nyuma, haraka, bila kukimbia. Uso sikuuona. Ila fundi viatu haangalii uso, na mimi nikaangalia miguu. Kiatu cha kulia kimeliwa kisigino upande wa nje, kimelala kabisa. Nikasimama pale na msharasi wangu kama mtu aliyesahau alichokuja kununua. Tangu utotoni baba alikuwa akikubadilishia kisigino hicho hicho, upande huo huo. Nikajiambia wanaokula soli hivyo ni wengi, mji mzima huu. Nikajikemea kabisa.

Katika purukushani hiyo mpira wa Gundi, ule wa ngozi uliomletea mwenyewe kabla hujaondoka, ulinasa kwenye waya wa uzio ukachanika. Ulining'inia juu huko, hatukuweza kuufikia. Gundi alirudi nyumbani analia.

Jumamosi iliyopita sikuwazuia. Naomba unielewe hapo, sikuwazuia kwa makusudi. Walikwenda na mkunga, wakarudi na mpira, umeshonwa. Nikamuuliza Wakili nani kashona. “Mtu.” Mtu gani? “Mtu anayejua kushona.” Nikamwambia alete niuone, akasita, akaleta.

Nikaiwasha taa ya karakana, nikauweka mpira ule juu ya meza ya baba.

Sindano mbili, tundu moja, moja inakwenda nyingine inakuja. Hilo fundi yeyote anaweza. Lakini mshono ulikuwa umelalia kushoto. Baba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na alitufundisha tukiwa tumekaa kando yake tukimwiga, kwa hiyo mimi na wewe, watu wa mkono wa kulia, tunalaza uzi kushoto kama yeye. Mafundi wengine hutucheka. Hapa duniani tumebaki wawili tunaoshona hivyo, na mmoja alikuwa hapa karakanani na goti lake.

Nikatafuta ncha ya uzi. Haikuonekana. Ilikuwa imerudishwa ndani chini ya mshono, kama baba alivyotaka. Unakumbuka alivyokuwa akisema? Uzi ukionyesha mkia, fundi ameonyesha uvivu.

Nililia, nisikufiche. Nililia kwa hasira, halafu kwa furaha, halafu kwa hasira tena.

Sasa turudi kwenye ile pole. Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, na yako wewe hata kona haina. Tangu vizuizi vilegezwe na ndege zianze kuruka, simu yako imepasuka kamera, nasikia sauti tu, uso sioni. Ukiwa unanisimulia baridi, nyuma yako nikasikia kengele ya muuza aiskrimu wa mtaa wetu, ile iliyopasuka inayolia kama bakuli la bati. Nikadhani masikio yangu yamezeeka. Aiskrimu, kwenye baridi ya kugonganisha meno! Na mimi nikakupa pole.

Najua hoteli uliyokuwa ukiifulia mashuka ilifungwa. Hukuniambia, ila mtu hawezi kukaa miaka miwili asilalamike hata mara moja juu ya kazi, labda kama hana kazi. Nadhani ulirudi kama ulivyoondoka, na begi lile lile. Na kwa kuwa siku ya kuondoka ulisimama hapa mlangoni ukasema hutarudi mikono mitupu, sasa unalala sijui wapi, unakula nusu mkate wa mtoto, na kuwatembelea wanao kama mgonjwa aliyewekwa karantini.

Nani alikuambia tunasubiri mikono iliyojaa? Mikono ile imeshona mpira. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, hawakusema arudi na zawadi.

Nina hasira na wewe. Nilikaribia kukuchoma msharasi mbele ya watoto. Na umemfundisha Wakili kutunza siri nzito kuliko umri wake, siku hizi anaweweseka usingizini. Hilo utalijibu ana kwa ana, na mimi nitakuwa nimekaa karibu.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hasira. Jana Gundi alikuwa ananishikia kopo la misumari, akaniuliza kama watu wanaruhusiwa kubadilisha baba. Nikamuuliza kwa nini. Akasema yule wa kwenye simu tumrudishe kwa mwenyewe, yeye anamtaka yule wa bembea. Aliuliza kwa adabu, kama mteja anayerudisha kiatu kinachobana. Nikasema nitauliza. Basi nauliza.

Jumapili chekechea ya Gundi ina michezo, ya kwanza tangu wafunguliwe. Kuna mbio ambazo kila mtoto anakimbia ameshikana mkono na mzazi. Gundi anafanya mazoezi uani, mkono mmoja kaunyoosha pembeni, anashika hewa. Mimi goti langu unalijua. Wakili amejitolea, mwalimu amekataa, amesema dada si mzazi. Wakili ameshakata rufaa.

Barua hii sitaipeleka posta, maana sijui niandike bahasha iende nchi gani. Nimeandika herufi ndogo na karatasi nyembamba. Nitafumua mshono wako kidogo, nizikunje karatasi niziweke kati ya ngozi na mpira wa ndani, kisha nishone tena. Jumamosi Wakili atakuletea, nitamwambia amwambie fundi wake kwamba kazi yake ina kasoro. Na kasoro utaiona, kwa sababu ncha ya uzi nitaiacha nje. Baba angenipiga kofi. Najua utaivuta.

Kama kweli uko huko mbali kwenye baridi yako, basi mpira utarudi jioni haujafunguliwa, nitazitoa karatasi nizichome, na hutajua kamwe kwamba dada yako alikushuku. Nitakuwa nimemkosea ndugu yangu moyoni tu, na Mungu atanisamehe. Ila kama umefika mpaka mstari huu, mdogo wangu, nimekukamata.

Mkunga anakusalimu, ingawa hajui kuwa anakusalimu wewe. Mama mkubwa anakusalimu, kila jioni bado anakuombea ufike salama huku ulikokwisha kurudi. Wakili hakusalimu, ninyi mmeshasalimiana. Gundi anakusalimu mara mbili, wewe wa simu na wewe wa bembea. Mungu akulinde, akuondolee aibu, akurudishie uso.

Usingoje Jumapili. Ukimaliza kusoma njoo Jumamosi hiyo hiyo, pitia mlango wa karakana, si wa uani, uvue hiyo barakoa kizingitini ili mtoto aone ni mtu mmoja. Kiatu cha kulia nitakibadilisha kisigino usiku ule ule. Huwezi kushinda mbio na soli iliyolala.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokushuku.