Mume Wangu Anasubiri Niondoke Apate Mwisho wa Mchezo

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mchezo wa mume wangu unasomwa mbele za watu na mimi bado sijui kama mwishoni naondoka au nabaki. Mume wangu anaandika michezo ya kuigiza, na mwezi huu ukumbi wa maonyesho wa mkoa umempa chumba, waigizaji na mwongozaji ili mchezo wake uive, basi kila asubuhi anaenda, wanausoma, wanaubomoa, na jioni anarudi nyumbani na vipande. Mchezo wenyewe unahusu fundi cherehani aliyeolewa na mwandishi, mimi ni fundi cherehani, na nilipomuuliza akasema ni sadfa tu, nami sikugomba, ila wiki iliyopita waigizaji wakamwambia huyo mke hana sababu ya kukaa na huyo mume, ama apewe sababu ama aondoke, basi akaja moja kwa moja mpaka kwenye cherehani, kalamu mkononi, mimi nina pini mdomoni, akaniuliza, "Hivi mke wangu, wewe unakaa na mimi kwa nini?" Mshauri, nilitoa pini mojamoja nikitafuta jibu, zikaisha pini. Akaandika kitu, akasema, "Kimya hiki kizuri sana."

Juzi akaja binti anayeniigiza, ana adabu zake, alikuja kujifunza ninavyokaa, akaniuliza, "Dada, wewe ungeondoka kabla ya chakula au baada?" Nikajikuta nasema baada, vyombo vikishaoshwa. Sasa sanduku nimelitoa chini ya kitanda, mume wangu ameliona, na badala ya kuniuliza naenda wapi ameniuliza kama lina magurudumu. Nikamwambia halina. Nampenda, na hilo ndilo linaloniudhi. Nifanyeje?

Fundi

Fundi, pole. Sasa nikugombeze. Mtu akiulizwa swali kama hilo na pini mdomoni, hata mimi mshauri ningezimeza. Kukosa jibu si kukosa sababu, na jibu umeliandika mwenyewe mwishoni mwa barua. Lakini ndiyo nini kumfundisha binti wa watu jinsi ya kumwacha mumeo, tena na ratiba ya vyombo? Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ndiye unayeishona!

Mumeo si mbaya, ni mvivu. Mwisho umemshinda, anataka aupate kwako bure. Usimpe. Jumamosi jishonee gauni, kaa kiti cha mbele, na kama mke anaondoka, aondoke huyo binti, ndiyo kazi yake.

Ila leo jioni, kabla mumeo hajaketi, muulize: ukumbi mzima unahangaika mke anabaki kwa nini, mbona hakuna aliyeuliza mume anabaki kwa nini? Kisha nyamaza, kimya unakiweza. Akikujibu akikutazama, mpakulie chakula, na jibu hilo lisifike ukumbini, ni lako. Akishika kalamu kwanza, mkumbushe sanduku halina magurudumu, kwa hiyo alibebe begani mpaka hukohuko ukumbini. Chumba si wamempa?