Jibu Kutoka Namba ya Baba

Nyumba ya Mtunza Pampu,
Kituo cha Maji.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Za huko? Wale wapwa zangu watundu hawajambo? Shemeji naye mwambie habari za kitambi chake zimefika hadi huku. Sisi afya tunayo, ila usingizi umeniruka, na Mama ana jambo ambalo siwezi kulisema kwenye simu akiwa chumba cha pili.

Unajua tangu Baba alipotutoka wakubwa hawataki tena mtunza pampu, wanataka modemu. Fundi aliyetumwa kuifunga ni mimi. Yaani nimekirithisha kazi ya Baba kidude cha chuma kinachoenea kiganjani. Mwisho wa mwezi nyumba hii inabomolewa, na Mama alishakubali kuhamia kwangu.

Kazi yenyewe haina makuu. Tundu moja nililiunganisha na pampu, jingine na kipimo cha tangi. Umeme wa kawaida nikauingiza upande mmoja, betri ya akiba upande wa pili, ili umeme ukikatika modemu isizime, itume ujumbe. Inaanza na namba ya kwanza. Mtu akijibu NIMEPATA, inanyamaza. Asipojibu, inakwenda ya pili. Kwa mazoea nikaanza na namba ya Baba, kisha yangu. Maji yakisumbua, nani mwingine alikuwa anapigiwa?

Nikakata umeme kujaribu betri. Ilikuwa mchana kweupe. Modemu ikatuma, simu yangu ikakaa kimya. Nikatazama kompyuta: namba ya Baba imejibu. NIMEPATA. NAKUJA.

Dada, nililisoma mara mbili. Nikajipa moyo kwamba ni wewe, maana simu yake uliondoka nayo baada ya mazishi, na utani wako naujua. Nikaifuta ile namba, nikakata umeme tena. Jibu likaja vilevile, kutoka namba ambayo modemu haikuwa nayo tena.

Nikafanya kosa la kumwambia Mama. Nilidhani atacheka. Aliniuliza tu, "Amesema anakuja saa ngapi?" Tangu hapo, kila umeme ukikatika anafagia njia ya kwenda kwenye pampu na kuacha mlango wa mbele wazi. Habari za kuhama hataki kuzisikia. "Nihame vipi, mwanangu, na mtu yuko njiani?" Wabomoaji walipokuja kukagua kuta, aliwakaribisha viti. Naogopa watamkuta humo siku ya kuvunja.

Jana dereva wa basi alinifikishia kifurushi chako. Asante kwa shati, linanibana kidogo tu. Simu ya Baba nimeiona pia, na maneno yako kwamba ilizima siku ya mazishi na hukuiwasha tena. Nimeifungua. Betri imevimba, laini iko humo humo. Iko mezani hapa ninapoandika. Leo asubuhi umeme ulikatika, na jibu likaja.

Nakuomba kitu kimoja. Mpigie Mama, umwambie ni wewe uliyekuwa unajibu. Muombe radhi, akugombeze mpaka achoke, kisha ahame. Na mimi ukiniandikia, niambie hivyo hivyo. Nitaamini.

Msalimie Shemeji, wabusu wapwa, na Shangazi mkubwa mpe mkono wangu. Mungu awafunike nyote, mlale salama.

Wako akupendaye,
Kitinda mimba