Javan, Hii Mashine Yako Inanizimikia

Javan mwiwa wangu,

Ni mimi khotsa wako Zakayo, ndugu ya mama yako, mtu ambaye bila yeye hakuna marehemu anayezikwa sawasawa kuanzia Malava mpaka Butali. Usicheke, unajua ni kweli. Ukiona mazishi yana programu ya maana, picha imekaa katikati, nyimbo zimepangwa, wajukuu wote wametajwa na hakuna aliyenuna, jua hiyo ni kazi ya kidole changu. Machifu hunipigia simu kabla hawajaanza kulia. Kuna mzee mmoja wa kule karibu na msitu wa Buyangu alikataa kufa mpaka asikie nimemwandika vipi. Nilimsomea wasifu wake pale kitandani, akasema, "Hapo sawa," akageukia ukuta. Nilikuwepo, hakuna aliyenihadithia.

Lakini sikukuandikia nijisifu. Nimekuandikia kwa sababu hii kompyuta uliyoiunda imetaka kuniua nikufuate huko, na ningefika tungeongea vizuri mimi na wewe.

Inajizima, Javan. Haiagi, haikohoi. Niko katikati ya neno, paap! Skrini nyeusi, na mle ndani najiona mimi mwenyewe nikiwa na mdomo wazi. Naiwasha, inanichekea na taa zake, naanza upya, tunaenda vizuri kama marafiki, dakika ishirini hivi, paap! Mtu anaweza kuitwa mlevi kwa vile nimekuwa nikiitukana mashine mchana kweupe, na mama yako yuko jikoni ananisikia.

Ulikufa haraka sana, kijana. Siku nne za homa ya mapafu, tukadhani ni malaria, tukadhani utaamka, na hatukupata nafasi ya kukuuliza kitu chochote. Ungeniachia hata karatasi moja: Khotsa, ikizima fanya hivi. Wapi! Uliacha mashati ya kanisa, uliacha bisibisi mbili kwa mkebe wa majani chai, na hii mashine bila neno.

Nakumbuka siku ulipoiunda. Sanduku lilitoka kwa ofisi iliyokuwa inatupa vitu, skrini kwa shule, memori uliletewa na rafiki yako wa Eldoret, kila kipande na ukoo wake. Ukavipanga juu ya meza ya mama yako kama mtu anayekata kuku wa wageni. Mimi nilikuwa injinia msaidizi. Wewe ulikuwanga unawaambia watu ati nilishika tochi tu, lakini tochi isiposhikwa vizuri kompyuta haiundiki, hilo ulilijua. Ilipowaka ulipiga meza ukasema, "Khotsa, hii sasa ni yetu." Yetu, ulisema. Ndiyo maana taabu yake nimerithi mimi.

Sasa acha nikwambie jambo ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa ndani ya jeneza.

Programu ya mazishi yako haikuandikwa kwa mashine yako. Nilikuwa na kazi nyingi za kamati, mahema, sufuria, wageni wa Lugari, na tena, sijui, sikuweza kukaa kwenye hicho kiti chako. Nikampigia simu mwandishi wa mjini, nikamsomea wasifu, yeye akawa anaandika. Nilimsomea kila kitu, mpaka ile kazi uliyofanya wakati wa uchaguzi, kwamba ulisimamia kura pale shuleni na hakuna karatasi hata moja iliyopotea. Programu zikafika asubuhi ya mazishi, zimekunjwa vizuri. Mchungaji akasimama na kipaza sauti mbele ya umati, akasoma kama ilivyoandikwa: "Marehemu Javan alisimamia kula kwa uaminifu mkubwa."

Kula, Javan. Mzee mmoja kule nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe ndiye aliyekuwa akigawa nyama!" Watu wakacheka. Walijaribu kujizuia, nitakuwa mkweli, lakini walicheka, na kaburi lilikuwa wazi.

Mama yako hakucheka. Jioni, watu walipopungua, aliniita nyuma ya nyumba. "Zakayo, mtoto wangu amezikwa kama mlafi." Nikamwambia ni kosa la mwandishi. Akaniangalia vile anavyoniangalianga tangu tukiwa wadogo. "Mwandishi aliandika alichosikia. Ulimi ni wako. Si ni wewe uliyekuwa unachapwa shuleni kwa kumwomba mwalimu karamu badala ya kalamu?"

Hakulitaja tena mwaka mzima. Halafu ulipofika wakati wa ukumbusho, wa kukuwekea msalaba, akasema neno moja tu. Programu mpya iandikwe, kwa mashine ya Javan, iwe na picha zake zilizo mle ndani, na pale pa kura pasomwe mbele ya watu wale wale. Jumamosi. Nikasema, "Dada Felistus, hiyo ni kazi ya kijiko na uji kwangu."

Jumatatu nikakaa. Nikaandika kuzaliwa kwako, nikaandika shule, nikafika pale ulipotengeneza redio ya baba yako ikashika stesheni za Uganda, paap. Yote yamepotea. Nikaanza tena, paap. Yote. Mara ya tatu nilianzia mwisho nikidhani nitaidanganya.

Nikasema ni stima. Nikaenda kwa jirani mwenye kinu cha kusaga mahindi, nikamwambia, "Kinu chako kinameza wasifu wa mwiwa wangu." Yule mtu ana roho nzuri, alizima kinu saa nzima kwa heshima yako, wamama wakangoja na madebe yao. Dakika ishirini, paap.

Nikasema ni radi imeiharibu ndani. Unajua radi ya huku, na unajua mimi ilishanipiga nikiwa nimeshika simu, ikaichaji wiki mbili. Lakini uliweka ile soketi ya kuzuia, na taa yake ya kijani iko palepale. Nikatoa memori, nikazisugua meno kwa kifutio cha penseli nilivyokuona ukifanya, nikazirudisha. Paap. Nikaazima lile sanduku la kugawa stima kutoka kwa kompyuta ya kanisa, nikalifunga. Paap. Nikarudisha mali ya Mungu kabla mzee wa kanisa hajaamka vizuri.

Jumanne nikaibeba kwa pikipiki mpaka mjini, nimeikumbatia kama mtoto wa chanjo. Fundi akaivua, akaiwasha, akaiacha. Saa moja, saa mbili. Haikuzima! Mashine iliyonitesa nyumbani, imefika kwa wageni inakaa kama bibi harusi. Fundi ananiangalia. "Mzee, haina kitu. Na hivi vitu vimeunganishwaunganishwa tu. Nikufutie yote, nianze upya?" Nikamuuliza yote ni nini. Akasema yote ni yote. Nikaona picha zako zinafutwa, ile ya mahafali, ile umeshika jogoo, kila kitu. Nilimnyang'anya mashine, Javan, mbele ya wateja wake, nikasahau hata kifuniko cha ubavuni ikabidi nirudi.

Nyumbani, dakika ishirini, paap.

Jumatano nikaamua kuifungua mwenyewe mpaka kwa roho. Feni ilikuwa imejaa majivu ya miwa, yale meusi yanayoanguka wakichoma mashamba, yameshikana na nyuzi nyeupe za pamba. Nikasafisha kwa brashi ya viatu. Chini ya feni nikakuta ile dawa yako nyeupe uliyoipaka juu ya ubongo wa mashine imekauka kama ugali wa jana kwenye mwiko. Nikaikwangua. Sasa badala yake niweke nini? Hapa sitaficha. Nilitumia mafuta ya kukamulia ng'ombe. Wewe mwenyewe unajua hayo mafuta yanatibu kila kitu, midomo, bawaba, kwato, na sijaona kitu yalichoshindwa. Nikapaka kijiko kizima. Mashine ikaacha kufika dakika ishirini, ikawa inazima kwa nane, na sebule ya mama yako ikanuka zizi.

Lakini hapo ndipo akili yangu ilipoamka, kwa sababu mimi sijasoma sana ila nafikiri sana. Kama mafuta yamepunguza dakika, basi taabu ni joto. Alhamisi asubuhi nikarudi kwa fundi, nikanunua dawa yenyewe, kile kisindano kidogo, nikamwambia ni ya rafiki. Nikafuta mafuta yote, nikapaka kama punje ya mchele. Tukarudi dakika ishirini. Feni safi, dawa mpya, na bado inazima. Na kwa fundi haikuzima. Nikakaa nikaitazama. Nyumbani ina nini ambacho kwa fundi haina?

Nikaona kitambaa.

Unajua sebule ya mama yako. Kila kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa. Baada ya kukuzika alikaa na sindano yake ya kufuma miezi miwili, haongei, anafuma. Akaifumia mashine yako kitambaa cheupe cha uzi mzito, kinashuka mpaka mezani pande zote, na jina lako mbele kwa uzi wa bluu. Mimi kila nikija nakiinua pale mbele kwa kitufe tu, mgongo na mbavu nawacha vimefunikwa. Nikimaliza nakishusha kwa heshima. Ndicho kilichokuwa kinainyima pumzi.

Sasa mimi nimwambieje mama yako? Niseme, Dada, hicho ulichofuma ukimlilia mwanao ndicho kinachoua mashine ya mwanao? Nimeongea mbele ya wakubwa, nimewanyamazisha walevi matangani, lakini hilo lilinishinda. Nikamwambia mashine imechoka, inataka kupumzika hadi kesho. Nikawa navua kitambaa akienda shambani, nikisikia mlango nakirudisha. Hata ukurasa mmoja haukuisha.

Ijumaa aliniletea chai. Akaweka kikombe, halafu akapitisha nyuma ya mkono juu ya kitambaa, pale kwa mgongo, vile wamama hupima watoto.

"Hii ina homa," akasema.

Mkono wake ukabaki pale. Ulikaa muda mrefu kuliko unavyohitajika kupima joto. Nikaangalia chai yangu.

Kisha akakivua, akakikunja mara nne, akakishika kifuani. "Zakayo. Ulijua?"

Nikasema hapana.

"Mwongo. Tangu jana unanizungukazunguka. Hata kwa Javan mlinifanyia hivyo hivyo, 'Mama, pumzika, Javan anaendelea vizuri,' mpaka nikaambiwa niende nimwone ameshanyamaza." Hakupaza sauti, Javan. Afadhali angepaza. "Kitu changu kikiwa na homa, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Sawa?"

Nikasema, "Sawa, Dada." Na unisamehe, kwa sababu kati ya waliosema anaendelea vizuri nilikuwa wa kwanza. Nilidhani ni huruma.

Mashine ilikaa macho mchana wote. Feni inavuma kama nyuki wa mbali, na mama yako ameketi kando yangu anafumua nyuma ya kile kitambaa uzi kwa uzi, mpaka kikabaki cha kuning'inia mbele peke yake, kama aproni, na jina lako liko palepale. Mimi nikaandika. Kila nikifika kwa neno lenye "ra" nilimwambia alitamke yeye kwanza.

Jumamosi tukakuwekea msalaba. Mchungaji alisoma kwa miwani, pole pole, maana nilikuwa nimemwonya mara mbili. "Marehemu Javan alisimamia kura kwa uaminifu mkubwa." Hakuna aliyecheka. Halafu mama yako akasema kutoka kwa kiti chake, "Rudia hapo, mchungaji." Akarudia. Yule mzee wa nyama alivua kofia yake. Nusu ya sifa ni yangu, kwa sababu kutengeneza ni mimi, homa ndiyo aligundua yeye. Watu wamekwishaanza kuniita daktari wa kompyuta na sikuwakataza.

Basi lala, mwiwa wangu. Sisi huku mwiwa akija kwa khotsa lazima achinjiwe kuku, tena si wa kuazima, na wewe kila ulipokuja nilikuambia kuku bado ni wadogo. Walikuwa wakubwa. Kwa hilo pia unisamehe. Ninakuahidi mambo mawili. Feni nitaifuta majivu wakichoma miwa na wasipochoma. Na mama yako sitamficha tena kitu, hata kidogo, hata cha kumwumiza.

Sasa hili lingine libaki kati yetu. Jana nilitafuta programu zangu za zamani mle ndani, nikazikuta, zote, kwenye fungu la mafaili uliloliandika "Kazi ya Khotsa". Nilishangaa, kwa sababu mimi sikuziweka. Baada ya kufa kwako hakuna hata moja, hata hii ya msalaba wako. Ndipo nikaelewa ulikuwa unapita nyuma yangu nikishaondoka, unanihifadhia, na hukuwahi kusema. Mashine ilizima mara nyingi wiki ile, ndiyo, lakini maneno hayakupotezwa na mashine. Siku ile ulinionyesha namna ya kuhifadhi, ukaniuliza, "Khotsa, umeshika?" nikakuambia nimeshika zamani. Barua hii nitaichapa kwa karatasi sasa hivi kabla sijagusa kitufe kingine chochote, kwa maana sikuwa nimeshika, Javan, na mpaka leo sijui.

Khotsa wako,
Zakayo