Shamba Lililobaki Nje ya Amana

Fowler, California
19 Agosti

Kaka yangu Vahan,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Corinne na watoto, na kwamba mgongo umepata nafuu kwa kuwa sasa huingii tena kwenye mashimo ya lifti kutengeneza kila siku. Mimi sijambo. Joto limetushika tangu Juni na halina nia ya kutuachia. Zabibu zimeiva mapema, Jumatatu tunaanza kukata na kuanika. Binamu Siranush anakusalimu sana. Anasema kwenye ile picha uliyotutumia umekonda kama kijiti, na kwamba huko Watertown wanakulisha maji.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Nimeisoma mara tatu. Uliniuliza jambo moja ndani yake, na kwenye simu nikakwepa, nikasema nitakuandikia. Basi naandika.

Nianze na mahakama. Kesi ya mirathi ilikwisha Alhamisi iliyopita, baada ya miezi kumi na tisa. Hakimu alisoma majina yetu, akauliza kama kuna mwenye pingamizi, hakuna aliyesimama, akatia sahihi. Nusu ya shamba ni yako na nusu ni yangu, kama sheria isemavyo mtu akifa bila wosia akaacha watoto wawili. Ilichukua dakika nne. Ile miezi mingine yote ilikwenda kwenye mambo unayoyajua: kuomba niteuliwe msimamizi, kutangaza gazetini kwamba Garabed Manjikian amefariki, kuwasubiri wadai miezi minne, kumsubiri mthamini wa mahakama aje kuhesabu mizabibu, halafu kuisubiri tarehe, na tarehe yenyewe kusogezwa. Wakili wetu, Bi Fagundes, hulipwa kwa thamani ya mali na si kwa jasho lake. Mwenyewe aliniambia hivyo bila kuona haya.

Sasa swali lako. Umeuliza ilikuwaje Baba, aliyekuwa na amana iliyoandikwa vizuri, akaliacha shamba nje yake hadi likaangukia mahakamani.

Amana ile aliifanya miaka sita iliyopita. Unamkumbuka jirani yetu Krikor. Alipokufa, wanawe walikaa mahakamani miaka miwili na nusu, na trekta lake likaota kutu uani kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuliuza. Baba alikuwa akilipita kila asubuhi. Siku moja baada ya ibada, mwanasheria mmoja alikuja kwenye ukumbi wa kanisa kueleza namna ya kuepuka mambo hayo, na Baba, ambaye hujapata kumwona akisikiliza hotuba hadi mwisho, alisikiliza hadi mwisho. Nyumbani akaniambia, “Hakuna hakimu atakayekuja kuhesabu sufuria zangu.”

Mwanasheria alitueleza kwa mfano. Amana, alisema, ni kama kikapu. Ukiwa hai, kikapu unakishika mwenyewe: unalima, unauza, unaweza hata kukivunja ukipenda. Ukifa, anakishika yule uliyemtaja, papo hapo, bila kupita kwa hakimu. “Lakini mzee,” akasema, “kikapu kitupu hakina kazi. Shamba lazima liandikwe kwa jina la amana. Likibaki kwa jina lako, karatasi zote hizi ni mapambo.” Akamsihi pia aandike wosia mfupi, wa kuokota chochote kitakachodondoka nje. Baba akamcheka. “Mtu anakufa mara moja, karatasi mbili za nini?”

Nilikuwapo alipoisoma ile amana kabla ya kutia sahihi. Alisoma kwa sauti, polepole. Alipofika ukurasa wa tano alisoma hivi: “Mwanangu Vahan hapati kitu, nami sikumsahau, nimekusudia.” Akauliza kama maneno hayo yana nguvu ya kutosha. Mwanasheria akamjibu kwamba yanatosha. Baba akasema, “Alitaka kung'oa mizabibu ya babu yangu apande lozi. Basi akapande lozi huko huko aliko, Boston.” Akatia sahihi.

Siku hiyo hiyo alitia sahihi hati ya pili, ya kulihamisha shamba kutoka jina lake kwenda kwenye amana. Magoti yalikuwa yanamuuma, kwa hiyo akanipa mimi niipeleke Fresno, kwenye ofisi ya ardhi, ikaandikishwe. “Peleka leo, Araxie. Usipitie kokote.”

Sikupitia kokote. Nilikwenda moja kwa moja, nikaegesha gari ng'ambo ya barabara, nikakaa ndani yake kama saa moja. Kisha nikarudi nyumbani na ile hati ikiwa bado kwenye bahasha. Baba alikuwa jikoni anakula jibini na mkate. Akauliza, “Tayari?” Nikasema, “Tayari, Baba.” Nikaificha ndani ya kitabu cha mapishi cha Mama, ambacho Baba hakuwahi kukifungua.

Alipofariki, Bi Fagundes alifungua faili la amana, akakuta orodha ya mali ni tupu, na yule mwanasheria wa kanisani alikwishafunga ofisi na kustaafu. Akaniuliza kama kuna hati yoyote ya shamba iliyotiwa sahihi. Nikamwambia sijaiona. Ndiyo maana tulikwenda mahakamani.

Usidhani nilifanya hivyo kwa wema, wala usinishukuru. Nilifikiria mambo mawili tu nikiwa ndani ya gari. La kwanza, sikutaka kuachiwa shamba pamoja na chuki yake. La pili, nilijua kwamba amana ingemaliza kila kitu kimyakimya mezani kwa wakili, nami nikiwa mrithi peke yangu, nawe ungepata karatasi ya kukuambia hukuachiwa kitu, basi, ungeitupa. Lakini mirathi ikienda mahakamani ungeitwa kama mtoto wake. Mimi nilikuandikia miaka kumi na minane ukanijibu kwa kadi za Krismasi. Nikaona labda mahakama utaijibu.

Uliijibu. Ulikuja kwenye kikao cha kwanza, tukasimama pamoja kwenye ule ukumbi wenye viti vya plastiki, ukanitania kwamba nimefanana na Shangazi Nvart, nikakuambia wewe ndiye uliyerithi masharubu yake. Jioni yake ulizunguka mistari yote ya mizabibu ukiwa na viatu vya mjini. Na mezani, ukiwa na kipande cha mkate mkononi, ulisema, “Mzee alinisamehe, Araxie. Aliliacha nje makusudi ili nipate fungu langu. Aliona aibu tu kusema.” Ukalia. Mimi nikaenda kuosha vyombo.

Ningeweza kuliacha hapo. Lakini sasa unaandika kwamba umewaambia watoto hivyo, na kwamba kwenye ibada ya kumwombea Baba mwezi ujao utasimama mbele ya watu uwaambie kuwa baba yako alikusamehe kwa njia yake. Siwezi kuketi kwenye benchi nikasikiliza hayo. Baba hakuliacha shamba nje. Niliyeliacha ni mimi. Yeye alikufa akiamini kwamba limo ndani, na kwamba wewe huna kitu.

Nitakuambia na hili, kwa kuwa ni kweli, ulipime mwenyewe. Mtu yule aliyedai risiti hata ya misumari hakuniomba risiti ya ofisi ya ardhi hata siku moja, kwa miaka minne aliyoishi baada ya hapo. Sijui kwa nini. Huenda aliniamini. Sitakutafsiria.

Leo asubuhi nimemweleza Bi Fagundes kila kitu. Akasema anayestahili kulalamika ni mimi peke yangu, kwani fungu lililopungua ni langu, ila kumdanganya wakili na hakimu ni jambo jingine, na huenda nikaitwa kulijibu. Nikiitwa nitakwenda. Kulalamika sitalalamika. Nusu yako ni yako, uiuze, uipande lozi, upendavyo.

Ibadani njoo, Vahan. Simama useme lolote lililo moyoni mwako. Lakini sema kwa kinywa chako, usiseme kwa cha Baba.

Msalimie Corinne, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Kitanda cha chumba cha mashariki nimekitandika, uje usije.

Ni mimi mdogo wako,
Araxie