Sindano ya Libérat na Chumba cha Manjanja

Jumatatu, 6 Julai 1964

Leo wameleta fundi mwengine! Libérat, mutu wa bonde la Ruzizi. Anasema alifanya telegrafu Usumbura miaka tatu. Anatembea kama askofu. Amebeba valizi ya mbao, ndani sanduku mbili ndogo, kila moja na mukanda wa kubebea begani. Moja inatoa mawimbi ya radio. Ya pili iko na sindano kama ya saa. Ya kwanza unaiweka ndani ya chumba, unafunga mulango. Ya pili unazunguka nayo inje. Mawimbi yakitoboka, sindano inaamka. Yakibaki ndani, inalala. Basi! Kwa hiyo tu anakula kuku ya Komanda.

Komanda Octave alitaka sanduku zinyunyiziwe maji ya dawa kama askari wote. Libérat akazikumbatia kama mama wa mapacha: «Hapana, Komanda! Maji itaziua!» Komanda akamuuliza, dawa inageuza risasi kuwa maji, itaua sanduku namna gani? Mwisho wakanyunyizia valizi tupu. Wote wawili wakaridhika. Na hao ndio wakubwa!

Jumanne, 7 Julai

Niandike, maana Komanda hakuona kazi, na siku moja watasema ni mwengine alifanya. Kile chumba cha radio ni minye nilikifunika. Minye, Sylvestre! Depo ya zamani ya pamba, hapa Kalundu karibu na bandari. Manjanja, mabati ya paa, ku kuta zote, juu, hata ku mulango. Penye manjanja haziingii — madirisha, tundu ya kona ya nyuma — wavu wa shaba. Siku tano tu. Na shule niliiacha mwaka wa tano! Wenye diplome wangefanya mwezi.

Yaya wangu Gaspard, kaka mukubwa — baba moja, mama moja — ndiye anatengeneza mule mashini za radio tulizonyang'anya jeshi la serikali. Lazima aziwashe ili azijaribu. Manjanja ni kwa ajili hiyo: mawimbi yabaki ndani, ndege za serikali zisitusikie. Gaspard anajua nyaya, sawa. Lakini umupatie nyundo! Anapiga vidole vyake tu.

Ku kona ya nyuma wavu haukutosha.

Sawa, ulitosha. Lakini Capitoline wa Nyamianda alikuwa anaanika ndagala, samaki zake ndogo, chini, kuku za jirani zinajichagulia. Sasa anaanika juu ya wavu wangu wa shaba! Mwanamuke gani mwengine wa Uvira iko na kitu kile? «Weye uko mwanaume,» alisema. Niko. Kona nilipigilia gunia, nikapaka rangi, nikasukuma kabati mbele yake. Nani ataangalia nyuma ya kabati?

Alhamisi, 9 Julai

Mambo imeharibika.

Jana ndege ilikuja. Ikazunguka juu ya depo mara mbili, ikashuka upande wa kijiji cha Makobola, ikatupa mabomu. Wavuvi wawili wamekufa. Ni mara ya pili. Na mara zote mbili ilikuwa kesho yake, baada ya Gaspard kuwasha mashini.

Komanda akatupanga mustari. Akauliza: chumba kimefungwa vizuri? Minye nikatoka mbele, kifua inje: «Vizuri kabisa, Komanda! Hata mbu wa mawimbi hatoki mule!»

Komanda akageukia Gaspard. Polepole. Akamwambia: kama chumba hakitoboki, basi ni weye unatoa mashini inje unaongea na ndege. Wakamufunga kamba pale pale.

Kinywa changu hiki! Wangekishona siku nilizaliwa.

Libérat peke yake ndiye alifungua mudomo. Alisema tupime kwanza. Komanda amekubali: Jumamosi. Sindano ikilala, Gaspard ni musaliti, atapigwa risasi. Ikiamka, mwenye kufunika pale itaamkia, kona ao ukuta, ndiye atajibu kwa wale wa Makobola.

Ijumaa, 10 Julai

Nilitoka mbio kwenda Nyamianda kumunyang'anya Capitoline wavu, nije kuupigilia. Nikafika ku mulango wake. Nikasimama. Sylvestre, kichwa chako iko na nini ndani? Ukirudisha wavu, sindano italala. Gaspard anakufa.

Capitoline akauliza: «Unatafuta nini, jasho yote ile?» Nikasema nilikuja kusalimia. Akanipatia ndagala ndani ya jani. Sikuzila.

Nikawaza kukimbilia Mulenge, milimani. Ng'ombe za kule hazinijui.

Jumamosi, 11 Julai

Saa tatu ya asubuhi. Libérat amejifungia ndani na sanduku ya mawimbi. Sindano iko begani pangu — nani mwengine hapa anajua kusoma namba? Amechora namba nane na chaki kuzunguka depo. Kila namba nisimame, nihesabu mpaka kumi, niandike sindano imefika ngapi. Karatasi hakuna. Naandika humu mu kaye yangu, daftari ya siku zote.

Moja: 0. Mbili: 0. Tatu, dirisha: 0. Kazi safi, anisamehe yeyote! Ine: 0.

Komanda ananifuata. Anaangalia sindano kama mbuzi anaangalia redio. Hajui kitu. Nikimwambia imelala, imelala.

Tano: 0. Sita: 0. Gaspard wamemukalisha chini penye jua, kamba ku mikono. Haniangalii.

Saba. Kona ya nyuma.

Imeruka! Imejigonga ku mwisho, inatetemeka. Nimeifunika na tumbo. Komanda anauliza inasema nini. Nahesabu. Moja. Mbili. Nimefika kumi, naanza tena.

Saba: 9.

Nimeiandika kubwa, na nimeitamka. Komanda anaita watu waingie, wasukume kabati ya kona. Nasikia mbao inakwaruza simenti. Nasikia gunia inapasuka. Libérat anachungulia inje ku tundu, uso mzima! Amefurahi, mujinga huyu, mashini yake imesema kweli.

Komanda anapiga kelele: nani alifunika hapa?

Gaspard amesimama na kamba yake. Anasema: «Ni minye, Komanda. Kona ile niliifunika minye.»

Muongo! Muongo mukubwa! Hata musumari hajui kuushika, muangalie vidole! Komanda ananiangalia, anamuangalia, ananiangalia tena. Anasema niache kuandika, nijibu: kati yetu wawili, nani alifunika kona?