Ufunguo Mwingine wa Chumba Changu

Shoga, uko macho? Mwenzio leo silali.

Unakumbuka ile hoteli niliyoambiwa imejaa, halafu jana wakanipigia eti chumba kimepatikana? Nikajiona nimeota pembe.

Sasa natoka kuoga, nina taulo tu, nasikia ufunguo unazunguka mlangoni. Na nilikuwa nimefunga. Shoga, nilifunga mwenyewe.

Akaingia mzee na begi. Hodi hakuna. Akaniambia taratibu, "Binti, unafanya nini chumbani kwetu?"

Nilipiga yowe mpaka mhudumu akaja mbio.

Kumbe vyumba vya hoteli hii ni vya wanachama waliochanga kuvinunua. Kila mmoja ana wiki yake kila mwaka, na ufunguo wake. Sisi wa nje tunapewa mwanachama asipothibitisha kwamba anakuja. Huyu hakuthibitisha. Mkewe ndiye aliyekuwa akipiga simu kuthibitisha, na mkewe amefariki.

Wamemhamishia chumba cha jirani. Nimeegemeza kiti mlangoni.

Namsikia kupitia ukuta akibembeleza mtu, "Vumilia, mama. Kesho tutarudi chumbani kwetu."

Shoga, amekuja peke yake. Na ufunguo wa hapa hawakumnyang'anya.