Maktaba ya Hesabu Imekubali

Mtaa wa Tena, Jumapili jioni, 1997

Imekubali, hatimaye. Tangu Ijumaa nimekuwa nikijaribu kuiweka kwenye kompyuta ile maktaba ya hesabu, yaani mkusanyo wa programu za kukokotoa, na kila mara inakwama palepale: faili moja haionekani. Bila hiyo siwezi kuzipiga hesabu za mvua, na msimamizi wangu chuoni anataka tasnifu keshokutwa.

Leo nimeliona kosa. Kwenye disketi jina la faili limeandikwa kwa herufi kubwa, kompyuta inatafuta herufi ndogo. Basi! Nikalibadilisha, nikaanza upya, na baada ya saa nzima ikamaliza bila kulalamika.

Nilipiga kelele za furaha.  Lakini rafiki yangu Otieno, ambaye tungecheka naye, yuko ng'ambo tangu Januari na barua yangu hajaijibu.

Jirani yangu, Mama Mutua, akagonga mlango. "Kuna nini? Umeumia?"

"Hapana, mama. Kompyuta imekubali."

"Kwani ilikuwa imekataa nini?"

Nilianza kumweleza, nikashindwa. Akanitazama. "Lakini umekula?"

Siku tatu hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza chochote. Nikamwambia nimekula, ingawa sikuwa nimekula. Sijui kwa nini nilisema hivyo.